Roketi za kupigia nyambizi: kwa nini meli zenu zinazama na mtambo ukiwa bado umejaa

Mwanzisha uzi, Amu

Assalaam aleikum wanajukwaa. Tangu Sea Power, ile gemu ya vita vya majini, ilipotoka Novemba 2024, sisi tunaokutana Langoni kuicheza tuna ubishi usiokwisha juu ya mtambo wa roketi wa RBU-6000, ule wa Kirusi wenye mitutu 12 iliyopangwa nusu duara. Wengi wanasema ni pambo la sitaha: ukishaipata nyambizi tuma helikopta na topido, mambo yaishe. Mimi nasema hakuna silaha inayotumiwa vibaya kuishinda hiyo kwenye gemu ile. Watu wanaifyatua kwa pupa kutoka umbali wa mwisho kabisa, mitutu yote kwa mpigo, kisha wanalalamika kwamba haina shabaha. Uzi huu ni mrefu. Anayetaka kubishana, karibu sana, ila naomba asome kwanza.

Tuanzie mtambo wa namna hii ulitokea wapi, maana bila hapo hamtaelewa nasema nini.

Katika Vita Vikuu vya Pili, manowari za kusindikiza misafara zilikuwa na sona inayosikiliza mbele na silaha iliyokaa nyuma. Silaha yenyewe ni mapipa ya baruti yaliyodondoshwa kutoka tezi, yakiwa yametegwa yalipuke kwenye kina fulani. Sasa sona hutuma sauti kama mwale kuelekea mbele. Nyambizi ikiwa mbali, imo ndani ya mwale. Ukiikaribia, hasa ikiwa imezama sana, mwale unapita juu yake, na katika mita 200 hivi za mwisho husikii chochote. Kwa hiyo nahodha anapita juu ya adui akiwa kiziwi, anadondosha mapipa kwa kukisia.

Pigeni hesabu nami. Pipa la Waingereza la Mark VII lilizama kwa mwendo wa kama mita 3 kwa sekunde. Nyambizi iko mita 150 chini, pipa linahitaji sekunde 50 kufika. Nyambizi inayotambaa kwa noti 6 nayo inakwenda mita 3 kwa sekunde, basi hadi pipa lifike, yenyewe imeshasogea mita 150. Na pipa lile lilipaswa kulipuka kama mita 6 tu kutoka kwenye bodi ili liipasue. Nahodha wa nyambizi alisikia rafadha za meli zikimjia kichwani, akakata kona, akanusurika. Halafu mlipuko ukishatokea, maji yanavurugika na kujaa mapovu, sona inarudisha mwangwi wa fujo hiyo hadi robo saa nzima. Umepiga, umekosa, na umejifunga masikio mwenyewe.

Dawa ya Waingereza ilikuwa Hedgehog, iliyoanza kazi 1942. Mabomu 24 yanarushwa mbele ya omo, yanaangukia umbali wa mita 200 na ushei, yametawanyika duara la upana wa kama mita 40, mfano wa mvuvi atupaye kimia mbele ya samaki badala ya kumkanyagia maji. Kila bomu lilibeba kilo 16 hivi za baruti na halilipuki mpaka ligonge kitu kigumu. Likikosa, linazama kimya hadi chini. Sona inaendelea kusikia, nahodha anajipanga upya, anatupa tena.

Matokeo yake yameandikwa. Kwa hesabu za Waingereza za vita vile, mashambulizi 5,174 ya mapipa yaliua nyambizi 85 na nusu (nusu hiyo ni kwa sababu sifa iligawanywa na silaha nyingine), yaani moja kwa kila mashambulizi 60. Hedgehog ilishambulia mara 268 ikaua 47. Hapo ni moja kwa chini ya 6. Kilo 16 za baruti zikaishinda silaha iliyobeba zaidi ya kilo 130, kwa sababu tu anayerusha hakupoteza mawindo yake.

Mfano ninaoupenda ni manowari ndogo ya Marekani, USS England. Kati ya tarehe 19 na 31 Mei 1944, katika bahari ya Pasifiki, iliua nyambizi 6 za Wajapani kwa Hedgehog. Ile ya kwanza, I-16, haikuzama kwa mrusho wa kwanza wala wa pili wala wa tatu. Walikosa, wakasikiliza, wakarudi tena, hadi mrusho wa tano. Ile ya mwisho, RO-105, meli nyingine za kikosi zilikuwa zimeshajaribu bila mafanikio kabla ya England kuitwa. Hapo ndipo ninapowataka mtazame: silaha iliwapa ruhusa ya kukosa.

Hedgehog haikuwa roketi, na kishindo chake kilikandamiza sitaha vibaya sana, ndiyo maana Wamarekani wakatengeneza Mousetrap, ya roketi, ili hata meli ndogo ziweze kuibeba. Kutoka wazo hilo zikaja nyingine: Weapon Alpha ya Marekani, mtambo wa Bofors wa milimita 375 wa Sweden, na msururu wa Urusi uliozaa RBU-6000 mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Mtambo wenyewe sasa. Mitutu 12 ya milimita 213. Roketi ya RGB-60 ina kichwa cha kama kilo 25, inafika karibu kilomita 6, na ikiingia majini inazama kwa zaidi ya mita 11 kwa sekunde. Rudieni hesabu ya mwanzo: mita 150 ni kama sekunde 13 au 14, na nyambizi ya noti 6 imesogea mita 40 tu. Hapo mtawanyiko wa roketi 12 unaweza kuifunika. Mkitaka kuona kazi ilivyofanywa kwa akili, tazameni mtambo unavyojazwa. Ukimaliza roketi, mitutu inageuka yenyewe na kusimama wima, na roketi mpya zinapandishwa kutoka ghala lililo chini ya sitaha, zinaingizwa mtutu mmoja baada ya mwingine. Hakuna baharia anayesimama nje kwenye mawimbi. Ikiisha, mtambo unalala tena na kuelekea shabaha.

Lakini RGB-60 inaweza kulipuka kwa kina kilichotegwa, si kwa kugonga peke yake, kwa hiyo ule ugonjwa wa zamani wa mapovu unaweza kurudi mkiutumia ovyo. Mnaporusha zote 12 kwa kubahatisha, kisha nyingine 12 kutoka mtambo wa pili, mnajenga ukuta wa kelele kati yenu na nyambizi. Ndipo topido inawatokea ubavuni na hamkuisikia. Meli inakwenda chini na ghala la roketi limejaa.

Mdau wa Malindi

Kaka wa Amu, historia yako nimeikubali, umeeleza vizuri. Lakini kwenye gemu tunacheza miaka ya 1980. Nyambizi ya adui inanipiga topido kutoka mbali, mtambo wako unafika kilomita 6 na hapo ni kwa mapenzi ya Mungu. Nikiwa na topido za helikopta, hii roketi naihitaji ya nini? Mbona Wamarekani wenyewe waliachana na mambo haya wakaingia kwenye ASROC tangu 1961, roketi inayobeba topido?

Mwanzisha uzi, Amu

Swali la haki, ndugu yangu. Tena nikupe mfano unaokuunga mkono wewe. Tarehe 9 Desemba 1971 nyambizi ya Pakistan, Hangor, iliizamisha frigeti ya India, INS Khukri, katika bahari ya Uarabuni. Khukri ilikuwa na Limbo, mtambo wa Waingereza wa kurusha mabomu mbele au upande wowote, ila hadi kama mita 900 tu. Nyambizi haikuwa na sababu ya kuingia ndani ya mita 900. Mabaharia na maofisa 194 walikufa. Kwa hiyo hakuna anayesema mtambo huu ni ngao yako ya kwanza.

Kazi yake ni nyambizi iliyokwisha kuingia ndani, na hasa kwenye maji mafupi. Topido ya kujitafutia inasikiliza mwangwi. Kwenye maji ya mita 60, mwangwi wa chini na wa juu unaichanganya, inaweza kukimbilia jiwe. Roketi haitafuti kitu, inakwenda ulikoielekeza na kuzama. Pia topido ikidondoshwa inahitaji muda wa kuzunguka na kutafuta, na nyambizi ikiisikia inaanza kukimbia na kumwaga vidanganyio. Roketi inatoa onyo dogo sana, mlio wa kupiga maji, halafu sekunde chache.

Matumizi ya pili ndiyo yaliyoniokoa mara nyingi. Ukisikia topido imerushwa kutoka upande fulani, na unahisi nyambizi iko karibu, rusha roketi chache kuelekea upande huo huo papo hapo. Hata zisiguse kitu. Nahodha wa nyambizi anayeiongoza topido yake kwa waya analazimika kugeuka kujiokoa, na akigeuka kwa nguvu waya unaweza kukatika. Manowari halisi hufanya hivyo. Tena Warusi walizitumia roketi hizi hizi dhidi ya topido zinazokuja, na baadaye wakatengeneza mtambo maalumu wa kazi hiyo, RBU-12000 wa mitutu 10.

Usidhani ni kitu cha makumbusho. Waliokuwa Dar es Salaam Aprili 2025, India ilipofanya mazoezi ya pamoja na mabaharia wa nchi za Afrika, INS Chennai ilikuwa pale bandarini, na manowari za aina ile zinabeba mitambo miwili ya RBU-6000.

Mdau wa Kizingitini

Mimi si mchezaji sana, ni mvuvi, kijana wangu ndiye hucheza nami hutazama. Naomba kuuliza. Kwenye boti yetu tuna mashine ya kutafutia samaki. Naona mambo mawili. Kundi likiwa chini kabisa mashine inalionesha vizuri, likipanda karibu na boti na kusogea kando kidogo, linapotea. Na wakati wa kusi maji yakiwa baridi chini na vuguvugu juu, kuna mstari unatokea katikati ya kioo, kama ukungu, na chini yake picha si safi. Hiyo gemu yenu inahesabu jambo hilo?

Mwanzisha uzi, Amu

Shikamoo ami. Umesema jambo ambalo wengi humu hawalijui, na gemu inalihesabu. La kwanza ni lile lile la mwale: karibu na boti mwale ni mwembamba, kitu kikisogea kando kimetoka nje yake.

La pili ni tabaka. Sauti ndani ya maji inakwenda kama mita 1,500 kwa sekunde, kasi kidogo kwenye maji ya moto, polepole kidogo kwenye ya baridi, na inapokutana na mpaka wa hayo mawili inapinda kuelekea kwenye baridi. Manowari yenye sona iliyofungwa tumboni inatuma sauti, sauti inafika kwenye mpaka na kupindishwa, na nyuma ya pindo hilo kunabaki mahali pasipofikiwa. Nyambizi inakwenda kukaa hapo. Roketi inapenya tabaka bila shida yoyote, ila utaielekeza wapi kama husikii?

Warusi walikuwa na jibu kwenye meli zao ndogo za Mradi 1124, ambazo NATO iliziita Grisha. Zina sona ya kuteremsha kwa kebo hadi chini ya tabaka. Tatizo ni kwamba lazima meli isimame ndiyo iteremshe. Meli iliyosimama ni shabaha. Kwa hiyo zichezeni mbili mbili: moja inasimama na kusikiliza, nyingine inasogea kimya ikiwa na mitutu tayari, na inarusha kwa maelekezo ya mwenzake.

Wazo hilo si geni. Kapteni Frederic John Walker wa Uingereza alilifanya mwaka 1943 na 1944 kule Atlantiki: meli moja inakaa mbali ikiishikilia nyambizi kwa sona, nyingine inatambaa polepole, sona yake imezimwa, hadi juu ya adui. Nahodha wa nyambizi anasikia sona ya yule wa mbali na kujiona yuko salama. Kwenye gemu, tangu tuanze kucheza hivi Langoni, hata wale waliokuwa wakiudharau mtambo wamenyamaza.

Mdau wa Malindi

Nimeona hoja ya kusimama. Lakini mimi bado nina kijiba. Mnaongea habari za Atlantiki na Pasifiki. Vita hivi vilitufikia sisi?

Mdau wa Shela

Vilitufikia, mwanangu. Sisi tuliozaliwa baada ya vita tumekulia kusikia wazee wakiitaja meli ya Khedive Ismail. Mwanzisha uzi anaijua, aieleze yeye.

Mwanzisha uzi, Amu

Naijua mzee wangu, na ndiyo sababu kubwa ya mimi kulichukulia jambo hili kwa uzito.

Mwaka 1942, Wajapani walipoishambulia Ceylon (Sri Lanka ya leo), kikosi cha Waingereza cha bahari ya Hindi kilihamishia makao yake Kilindini. Mombasa ikawa mlango wa misafara. Februari 1944 msafara uliopewa alama KR 8 uliondoka Kilindini kwenda Colombo. Ndani ya Khedive Ismail kulikuwa na watu zaidi ya 1,500, na kati yao askari 996 wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, 301. Tarehe 12 Februari, karibu na Maldivi, nyambizi ya Wajapani I-27 iliipiga topido mbili. Ilizama ndani ya dakika chache. Walikufa watu 1,297.

Sasa someni sehemu hii taratibu. Manowari mbili za kusindikiza, HMS Petard na HMS Paladin, zilirudi kuwinda. Nyambizi ilikuwa imezama pale pale chini ya watu waliokuwa wakielea. Walionusurika kwenye meli walikuwa majini, na mapipa ya baruti yakadondoshwa karibu nao, kwa sababu kuiacha nyambizi ile ilikuwa ni kuziacha meli nyingine za msafara ziuawe. Mlipuko wa pipa ndani ya maji haumbagui mtu. I-27 mwishowe ilipanda juu, Paladin ikaigonga, na Petard ikaimaliza kwa topido baada ya kukosa nyingine kadhaa.

Majina ya askari wetu wale yako kwenye mnara wa kumbukumbu wa Afrika Mashariki, makaburi ya vita ya Nairobi.

Silaha isiyolipuka mpaka iguse chuma, na inayokuachia masikio yako, maana yake kwangu iko hapo. Pipa linataka ulipue bahari nzima ukitumaini kwamba adui yumo. Ile nyingine inataka ujue alipo. Naona uchungu mtu akiurusha mtambo huu kama fataki za harusi.

Mdau wa Shela

Mungu awarehemu. Asante mwanangu kwa kuliandika.

Mdau wa Malindi

Nimesoma, nimekaa kimya kwanza. Amin.

Jana usiku nimejaribu njia yako. Grisha mbili, maji ya mita 90, nyambizi moja ya dizeli. Moja nimeisimamisha, imeteremsha sona, imeishika nyambizi chini ya tabaka. Ya pili nimeisogeza kwa noti 8 hadi kilomita 3. Nimerusha roketi sita, si kumi na mbili. Zimeangukia nyuma yake. Lakini ile iliyosimama ilikuwa bado inasikia, haikupoteza kitu, kwa sababu milipuko ilikuwa mbali na masikio yake. Nikarekebisha, nikarusha sita tena. Moja imegonga. Nilikuwa nimeshazoea kwamba baada ya mrusho wa kwanza ndiyo basi.

Maswali mawili yamebaki. Nikiwa na meli moja tu nifanyeje? Na kina cha kulipukia nikipange vipi, maana sona inanipa umbali na upande, kina ni kama kubahatisha?

Mwanzisha uzi, Amu

Safi sana kaka. Sita sita ndiyo mwendo, maana mtambo unabaki na nusu wakati unasikiliza matokeo, na hujafika kwenye kujaza upya, ambako mitutu iko wima na huna la kufanya.

Ukiwa peke yako, usirushe ukiwa unaikabili nyambizi kwa omo moja kwa moja. Weka upande wako kidogo, uwe na nafasi ya kugeuka bila kuipoteza, kisha rusha ukiwa kilomita 2 hadi 3. Mbali zaidi ya hapo roketi inakaa hewani muda mrefu na nyambizi inapata nafasi ya kugeuka. Karibu zaidi ya mita 350 hivi mtambo haufiki kabisa, hauna uwezo wa kurusha miguuni pako, kwa hiyo usiiruhusu nyambizi iingie hapo. Ikiingia, ongeza mwendo, ondoka, geuka, uanze upya.

Kina: kwenye maji mafupi kama yale ya mita 90, acha zilipuke kwa kugonga, usitege kina chochote. Zikikosa hazilipuki njiani, na sona yako haichafuki sana. Kwenye kilindi ndipo utege, na hapo anza na chini kidogo ya tabaka, kwa sababu nyambizi nyingi hazipendi kwenda chini zaidi ya zinavyohitaji kujificha. Ukikosa, sogeza kina, usisogeze upande. Wengi hufanya kinyume, wanahamisha upande kila mrusho, na nyambizi ilikuwa pale pale, mita 50 chini zaidi.

Weka faili la misheni yako hapa ukiweza. Sisi wa Langoni tutaicheza leo baada ya isha, tukiwa upande wa nyambizi.